Mwongozo kamili: maneno ya msingi ya mfumo wa kumbukumbu za chuo kikuu, na jinsi ya kuyafanyia kazi bila kuharibu rekodi

Malalamiko yanayofika dawati la msaada yanafanana. Mwanafunzi mmoja ana namba mbili. Fomu imegoma kuhifadhi. Programu ya masomo ya mwaka juzi imebadilika yenyewe. Kitufe cha kuondoa kimeondoa zaidi ya kilichokusudiwa. Ukifuatilia chanzo, unakuta mhusika alijua kubofya, ila hakujua neno lililo mbele yake kwenye skrini linataka nini.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kumtafuta mwanafunzi, kuhakikisha ndiye, kubadili programu yake ya masomo, kuhifadhi, kisha kukagua. Kila neno linaelezwa pale linapohitajika. Mifano imetoka Banner na PeopleSoft, mifumo inayotumika sana vyuoni. Ukiwa na mfumo mwingine, majina ya skrini yatakuwa tofauti, lakini maneno ya msingi yatakutana nawe vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti yako mwenyewe. Usitumie ya mwenzako hata kwa dakika tano. Mfumo huandika jina la mtumiaji na saa kwenye rekodi nyingi zinazoguswa, na jina litakaloonekana ni la mwenye akaunti.
- Ruhusa ya kuingia kwenye mazingira ya majaribio.
- Hati inayoidhinisha mabadiliko, yaani barua au fomu iliyosainiwa. Maneno ya mdomo hayatoshi.
- Orodha ya misimbo ya chuo chako: mihula, vitivo, programu, hadhi za mwanafunzi.
- Faili la kuandikia hali ya kabla. Nakili kilichomo kwenye visanduku kabla ya kuvigusa. Hili ndilo watu wanaliruka, na ndilo linaloulizwa kwanza mambo yakiharibika.

## Hatua ya 1: Jua uko mazingira gani na una haki gani

Mazingira ya kazi ni mfumo halisi: unachokiandika humo kinamfikia mwanafunzi, mhasibu na msajili. Mazingira ya majaribio ni nakala yake, ya kujifunzia. Skrini za mazingira haya mawili zinaweza kufanana kabisa, tofauti ikawa jina la hifadhidata lililoandikwa juu au kwenye anwani ya kivinjari.

Haki za mtumiaji huamua fomu zipi unaziona na zipi unaweza kuzibadili. Mwenye haki ya kuona tu ataifungua fomu kama kawaida, kisha visanduku vitagoma kupokea herufi. Hiyo si hitilafu. Usizime kompyuta wala usifute historia ya kivinjari. Omba haki inayohitajika, ukitaja jina la fomu.

Umefaulu ukiweza kutaja, bila kubahatisha, jina la mazingira uliyomo na kama una haki ya kubadili fomu unayoitaka.

## Hatua ya 2: Tofautisha fomu na jedwali

Hifadhidata ni mkusanyiko wa majedwali yanayohusiana. Jedwali lina mistari na safu. Mstari mmoja ni rekodi: taarifa za jambo moja, kwa mfano anwani moja ya mtu mmoja. Safu moja ni aina moja ya taarifa, kwa mfano jina la ukoo. Kwenye skrini, safu hiyo inajitokeza kama kisanduku cha kujazia.

Fomu ni dirisha la kutazamia majedwali. Fomu moja inaweza kukuonyesha majedwali manne kwa pamoja, na jedwali moja linaweza kuonekana kwenye fomu kumi. Kwa hiyo ukibadili jina la mtu kwenye fomu moja, litabadilika kwenye fomu nyingine zote zinazosoma jedwali hilo. Huna haja ya kuzunguka ukirudia, na anayerudia ndiye anayeishia kuacha tahajia mbili.

Kwenye Banner, majina ya fomu yana herufi saba na yanatisha kwa mara ya kwanza, lakini yana utaratibu. Chukua SPAIDEN. Herufi ya kwanza inataja eneo la mfumo: S ni wanafunzi, F fedha, R misaada ya masomo, T akaunti za malipo, G mambo ya jumla. Ya pili ni kundi ndani ya eneo hilo. Hapa P ni mtu. Ya tatu inasema ni fomu ya aina gani: A ni ya kuingizia na kubadili taarifa, I ya kuangalia tu, V ya uhakiki wa misimbo. Nne za mwisho ni ufupisho wa kazi yake, hapa utambulisho.

Jedwali lililo nyuma ya SPAIDEN linaitwa SPRIDEN. Herufi moja tu imebadilika, na hapo ndipo barua pepe nyingi kwa watu wa ripoti zinapopotea njia. Ukiomba ripoti, taja unachokiona na fomu ulikokiona. Mtu wa ripoti atajua jedwali lake.

## Hatua ya 3: Elewa mtu, namba na ufunguo

Kwenye mfumo, mtu ni mmoja ila nafasi zake ni nyingi. Mtu yuleyule aliomba udahili, akawa mwanafunzi, akaajiriwa msaidizi wa maabara, kisha akawa mhitimu. Anatakiwa kuwa na rekodi moja ya mtu, na nafasi nne zimeshikizwa hapo. Ofisi ya rasilimali watu ikimpokea na kumfungulia rekodi mpya kwa sababu eti kwao ni mgeni, imezaa mtu wa pili.

Namba ya utambulisho ndiyo iliyo kwenye kitambulisho chake. Inaweza kubadilika. Ufunguo wa ndani ni namba ambayo mfumo hutumia kuunganisha majedwali, na hiyo haibadiliki. Banner huiita PIDM. Ukibadili namba ya utambulisho kwa njia sahihi, alama na malipo havipotei kwa sababu vimeshikilia ufunguo wa ndani. PeopleSoft hutumia EMPLID, jina linalosikika kama la mwajiriwa, na hata mwanafunzi asiyewahi kulipwa mshahara anayo. Usimkatalie mtu huduma kwa jina la kisanduku.

Onyo: namba zinazoanza na sifuri. Ukifungua faili la mfumo moja kwa moja kwa Excel, 00123456 hugeuka 123456, na faili likirudishwa kwenye mfumo namba hiyo haimpati mtu. Weka safu hiyo kuwa ya maandishi wakati wa kuingiza faili, kabla namba hazijasomwa. Sifuri zikishadondoka, kubadili aina ya safu hakuzirudishi.

## Hatua ya 4: Tafuta kabla ya kuunda

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Rekodi maradufu ndiyo kosa ghali kuliko yote: ada inaingia kwa rekodi moja, alama kwa nyingine, na mwanafunzi anaambiwa hajalipa huku ameshika risiti. Kuziunganisha rekodi mbili si kazi ya kubofya mara moja, maana kila moja imeshaacha mistari kwenye majedwali mengi, na mengine ni ya idara zisizo yako.

Hali ya kutafuta ni hali ambayo fomu haisubiri taarifa mpya, bali inasubiri masharti ya utafutaji. Kwenye Banner, F7 inakuingiza kwenye hali hiyo na F8 inaendesha utafutaji. Ukichanganya hali hizi mbili, utaandika jina la mtu ukidhani unamtafuta, kumbe unajaza rekodi.

Fanya hivi:

1. Anza na namba ya utambulisho, kama ipo. Ikileta mtu, usishangilie bado. Linganisha tarehe ya kuzaliwa.
2. Kama haipo, tafuta kwa jina ukitumia alama za kujazia. Kwenye mifumo inayotumia hifadhidata ya Oracle, % husimama badala ya herufi zozote, hata kama hakuna herufi, na _ husimama badala ya herufi moja tu.
3. Rudia kwa tahajia nyingine, kwa majina yaliyogeuzwa mpangilio, na kwa jina la zamani.
4. Tafuta kwa tarehe ya kuzaliwa pamoja na herufi mbili tatu za mwanzo wa jina.

Mfano wa karibu. Unamtafuta mtu ambaye fomu yake inasema Mohammed. Ukiandika jina hilo lilivyo, hutampata aliyeandikwa Muhammad, Mohamed wala Mohamad. Andika M_ham%d. Alama ya kwanza inapokea o au u, ya pili inapokea chochote kilicho kati ya m na d ya mwisho. Wote wanne watatokea, na Mahmoud hatatokea kwa sababu baada ya h yake hakuna a. Anza na sharti pana, kisha libane. Ila usiende na % peke yake kwenye jina la ukoo, maana utaliambia jedwali zima lijitokeze, na wenzako watajiuliza mfumo umepatwa na nini.

Majina yenye alama ya kukatia, kama O'Brien, yatafute kwa O%Brien, kwa kuwa yupo aliyeiandika alama hiyo, yupo aliyeacha nafasi, na yupo aliyeunganisha.

Utafutaji unaweza kuleta mistari miwili ya mtu mmoja. Usikimbilie kusema ni maradufu. SPRIDEN huhifadhi hata majina na namba za zamani. Mstari unaotumika sasa hauna kitu kwenye kisanduku cha kiashiria cha mabadiliko; wa zamani una N kama ni jina lililobadilika, au I kama ni namba. Maradufu halisi ni pale ambapo ufunguo wa ndani ni tofauti.

Banner ina fomu ya kulinganisha watu kabla ya kuunda rekodi, GOAMTCH. Chuo chako kikiwa kimeiwasha, usiikwepe kwa sababu inachelewesha. Hiyo ndiyo kazi yake.

Umefaulu ukiwa na ufunguo mmoja, jina, tarehe ya kuzaliwa, na jambo la tatu linalolingana na hati yako. Mambo mawili hayatoshi: mapacha wana jina la ukoo moja na tarehe moja ya kuzaliwa.

## Hatua ya 5: Jaza kichwa cha fomu

Fomu nyingi zina kichwa, sehemu ya juu inayouliza unamtaka nani na kwa muhula gani, na mwili, ambao haufunguki mpaka kichwa kijibiwe. Watumiaji wapya hubofya mwili, wakaona haufunguki, wakapiga simu. Jaza kichwa, bonyeza kitufe cha kuendelea, na mwili utafunguka. Kwenye Banner 9, Alt na Page Down hukupeleka sehemu inayofuata, na F5 hukurudisha kuanza upya na mtu mwingine.

Msimbo wa muhula kwenye Banner una tarakimu sita: nne za mwaka na mbili za kutaja muhula. 202410 unaonekana wazi, lakini vyuo havikubaliani: kwa kimoja 2024 ni mwaka wa kalenda, kwa kingine ni mwaka wa masomo unaoishia 2024, na 10 inaweza kuwa muhula wowote ambao chuo kiliupa namba hiyo. Usibahatishe. Fungua STVTERM, fomu ya orodha ya mihula, usome maelezo yaliyo mbele ya msimbo.

## Hatua ya 6: Tumia misimbo iliyopo

Kisanduku cha programu hakitaki "Shahada ya Uchumi". Kinataka msimbo, na msimbo huo lazima uwe kwenye jedwali la uhakiki, orodha rasmi ya majibu yanayokubalika. Bonyeza F9 upate orodha, chagua, usonge mbele.

Msimbo ukikataliwa, mara nyingi sababu huwa moja ya hizi: umeandika herufi O badala ya sifuri, umetumia herufi ndogo pale zinapotakiwa kubwa, au msimbo umeshasitishwa na hautumiki kwa muhula huo. Usichague "unaofanana" ili fomu ikubali. Fomu ikigoma, kosa linaonekana siku hiyohiyo. Ikikubali msimbo usio sahihi, kosa litaonekana wakati wa mahafali.

## Hatua ya 7: Badilisha kwa tarehe ya kuanza kutumika

Hapa ndipo historia za wanafunzi huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Kuna tarehe mbili za kutenganisha. Tarehe ya kuingizwa ni siku uliyokaa kwenye kompyuta ukaandika. Tarehe ya kuanza kutumika ni siku, au muhula, ambao jambo hilo linakuwa kweli. Mwanafunzi anaweza kuidhinishwa leo kuhama programu kuanzia muhula ujao. Ukiweka ya leo mahali pa ya muhula ujao, umemhamisha katikati ya masomo, na ada inaweza kubadilika naye.

Mwanafunzi alianza Uhasibu muhula 202310, na ameidhinishwa kuhamia Uchumi kuanzia 202410. Kwenye SGASTDN ya Banner, fomu ya taarifa za masomo za mwanafunzi, unaona mstari mmoja: unaanza 202310, unaishia 999999. Hizo tisa sita si kosa. Maana yake mstari huu hauna mwisho kwa sasa.

Njia mbaya: unasimama kwenye mstari huo, unafuta Uhasibu, unaandika Uchumi, unahifadhi. Skrini inaonekana safi. Lakini sasa mfumo unaamini mwanafunzi huyu hakuwahi kusoma Uhasibu, na ripoti yoyote ya 202310 itakayotolewa kesho haitalingana na iliyotolewa wakati ule.

Njia sahihi: nakili mstari uwe mpya unaoanza 202410, kisha badili programu kwenye huo mpya tu. Mwisho wa mstari wa zamani utajisogeza hadi pale mpya unapoanzia, na 999999 itahamia kwenye mstari mpya. Sasa ukiuliza mwanafunzi alikuwa wapi 202310, jibu ni Uhasibu. Ukiuliza 202410, jibu ni Uchumi.

PeopleSoft hufanya hivyohivyo kwa tarehe, na hukupa milango mitatu. "Update/Display" huonyesha mstari wa sasa na wa siku zijazo. "Include History" huongeza ya nyuma, kwa kuitazama. "Correct History" hukuruhusu kubadili mstari wowote, hata wa nyuma. Mlango wa tatu ni wa kusahihisha jambo lililoandikwa vibaya tangu mwanzo. Kama jambo lilikuwa kweli kisha likabadilika, unaongeza mstari mpya. Kwa maoni yangu haki hii wapewe wachache sana, na wasiipate kwa sababu tu wana haraka.

Mabadiliko mawili yakitokea tarehe moja, kwenye fomu za programu za PeopleSoft kuna namba ya mfuatano. Yenye namba kubwa ndiyo inayohesabiwa kuwa ya mwisho.

Angalizo moja la tarehe: 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa mtu mmoja na Machi 4 kwa mwingine. Mfumo ukikuruhusu, andika mwezi kwa herufi.

Umefaulu ukiona mistari miwili, mmoja umeishia pale mwingine unapoanzia, bila pengo katikati.

## Hatua ya 8: Hifadhi, na ujue tofauti ya kusafisha na kuondoa

Unachoandika hakijaingia kwenye hifadhidata mpaka uhifadhi. Kwenye Banner ni F10. Baada ya hapo soma ujumbe unaotokea, usiishie kubonyeza. Kitufe kinaweza kubonyezwa na uhakiki ukakataa.

Kusafisha skrini huondoa kinachoonekana bila kugusa kilichohifadhiwa. Kuondoa rekodi kunakiondoa chenyewe. Kwenye Banner, Shift+F4 husafisha rekodi kwenye skrini na Shift+F6 huiondoa. Vitufe hivyo viko karibu mno kwa usalama wa mtu yeyote. Heri utumie menyu mpaka uzoee. Ukiondoa kimakosa na hujahifadhi, toka bila kuhifadhi, na rekodi itabaki ilivyokuwa.

Ukiambiwa rekodi inashikiliwa na mtumiaji mwingine, kuna mtu ameifungua akaanza kuibadili. Mara nyingi mtu huyo ni wewe mwenyewe, kwenye kichupo kingine ulichokisahau. Kifunge, jaribu tena.

## Hatua ya 9: Kagua kwa jicho la mtu mwingine

Toka kwenye fomu, uingie upya, umtafute mwanafunzi kama vile hujawahi kumwona. Linganisha na faili lako la hali ya kabla: kilichopaswa kubadilika kimebadilika, na kisichopaswa kimebaki.

Angalia pia vizuizi, SOAHOLD kwenye Banner. Kizuizi ni alama inayomzuia mwanafunzi kusajili masomo au kupata nakala ya matokeo mpaka jambo fulani lishughulikiwe. Kuhama programu hakukiondoi, na anayeweza kukiondoa ni ofisi iliyokiweka.

Ripoti ikiwa bado inaonyesha programu ya zamani, usirudi kubadili mara ya pili. Ripoti nyingi hazisomi mfumo wenyewe bali ghala la data, nakala ambayo mara nyingi husasishwa usiku. Subiri hadi kesho yake. Ukirudia mabadiliko leo, kesho unaweza kukuta mistari mitatu.

## Hatua ya 10: Ukikwama, andika hivi

"Mfumo haufanyi kazi" haimsaidii anayepokea. Taja fomu, mazingira, muhula, ulichofanya, ulichotarajia na ujumbe uliotokea neno kwa neno. Namba ya mwanafunzi iweke kwenye mfumo wa maombi wa chuo, si kwenye kundi la WhatsApp la idara. Mfano:

"SGASTDN, mazingira ya kazi, muhula 202410. Nimenakili mstari wa 202310 na kubadili programu. Nikibonyeza F10 napata ujumbe kwamba msimbo wa programu si halali kwa muhula huu. Nimeuangalia kwa F9, haumo kwenye orodha. Sijahifadhi chochote. Naomba kujua kama msimbo umesitishwa au bado haujafunguliwa."